Kusomea Lishe Penye Mahindi Tele

   

Leo nataka nizungumze na watu wa aina moja: wale waliomaliza shahada ya kwanza na sasa wanatamani kusomea shahada ya uzamili, au hata ya uzamifu, katika lishe na sayansi ya afya. Wengine ni vijana waliotoka chuo juzi. Wengine ni wauguzi na maafisa wa lishe waliokaa kazini miaka mingi, wana watoto na mkopo wa sacco, lakini moyo bado unadai darasa. Na kama wewe si mmoja wao, tafadhali usizime redio. Siku moja mwanafunzi wa namna hiyo atabisha mlangoni pako akiwa na karatasi zake, akuulize jana mlikula nini. Ni vizuri ujue anatafuta nini, na ujue pia wewe una haki gani mbele yake.

Sasa, swali ninaloulizwa sana ni hili: nisomee chuo gani? La pili: karo nitatoa wapi? Ni maswali ya haki, na nitayafikia. Lakini kuna swali linalotangulia hayo mawili, na wengi hulifikia wakiwa wamechelewa, karo ya mwaka wa kwanza imeshalipwa na msimamizi anadai pendekezo la utafiti. Swali lenyewe ni: unataka kujua nini? Ni kitu gani ambacho leo hakuna anayekijua, nawe uko tayari kukaa miaka miwili ukikitafuta? Shahada ya kwanza ilikupa yale ambayo wengine walikwisha kuyajua. Hii ya pili inakutaka uongeze lako, hata likiwa dogo. Utalitoa wapi?

Mimi nasema litoe hapa. Narudia: litoe hapa hapa, kati ya Kitale na Bungoma.

Kwa nini nasema hivyo? Tuanze na Kitale, mji wa kaunti ya Trans Nzoia. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa hapo mwaka 1956. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mahindi chotara ya H611, waliyoyapata kwa kuchanganya mbegu ya hapo Kitale na nyingine iliyotoka Ecuador, kule Amerika ya Kusini. Tangu wakati huo, ukitaja mahindi nchini Kenya, umetaja Trans Nzoia. Malori yanatoka hapo yakielekea Nairobi, Mombasa na kwingineko. Msimu wa mavuno hata barabara inaanikwa mahindi, mwenye gari anapita pembeni.

Basi ungetarajia watoto wa huko wawe warefu na wenye siha kuliko wote, sivyo? Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kati ya kila watoto kumi wa Trans Nzoia walio chini ya miaka mitano, karibu watatu walikuwa wamedumaa. Kiwango hicho kilikuwa juu ya kile cha taifa zima. Nchi nzima imepiga hatua tangu hapo, kwa sababu utafiti wa mwaka 2022 uliikuta Kenya imeshuka hadi asilimia 18 kutoka 26. Lakini kitendawili chetu kinabaki palepale: inakuwaje mtoto adumae nyumbani ambako magunia yamefika darini?

Na kudumaa, msikilizaji, hakuonekani kwa macho. Mtoto aliyekonda unamwona, mbavu zinahesabika, kila mtu anashtuka. Aliyedumaa anacheza, anacheka, anakimbiza kuku. Ni mfupi tu kuliko umri wake. Mama anasema, "Huyu amemfuata babu yake." Na kwa sababu wenzake darasani ni wafupi vilevile, hakuna wa kumlinganisha naye. Mpaka aje mtu mwenye ubao wa kupimia urefu na jedwali la umri, ndipo ijulikane.

Sababu zake ni nyingi. Mahindi yanatia nguvu mwilini na kushibisha, lakini protini yake ina upungufu wa viungo viwili ambavyo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Maharagwe hujaza pengo hilo, ndiyo maana githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ni chakula cha maana kuliko tunavyokipa heshima. Halafu kuna mambo ya pesa. Mahindi yanauzwa Desemba kwa sababu Januari shule zinafunguliwa. Maziwa ya asubuhi yanachukuliwa na boda boda yaende kwa mnunuzi, mayai yanaenda sokoni, na mtoto anabaki na chai. Chai yenyewe, ikinywewa pamoja na chakula, inazuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika mboga. Kwa hiyo ghala limejaa, sufuria limejaa, na bado mwili wa mtoto unadai.

Kila jambo nililotaja hapo linatosha kuwa tasnifu. Chukua unga peke yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti uongezewe vitamini na madini. Vizuri sana. Lakini ni nyumba ngapi za Trans Nzoia, huko Kwanza au Saboti, zinazokula unga wa pakiti? Watu wanabeba debe lao la mahindi hadi posho mili, wanasagiwa, wanarudi nyumbani. Unga huo haujaongezewa chochote. Je, mwenye kinu cha kijijini anaweza kuongeza virutubishi bila kuharibu kazi yake? Wateja watakubali, au watasema unga umewekwa dawa? Itamgharimu nani? Hayo hayajibiwi kwa kukaa maktaba. Yanajibiwa kwa kusimama kwenye foleni ya kinu na watu walioleta mahindi yao.

Sasa tuvuke twende Bungoma. Ukipita Kiminini, ukapita Kamukuywa, utaona mahindi yanaanza kuchanganyika na miwa, na ukishuka zaidi miwa inatawala. Hapa nataka nikusimulie kazi mbili za utafiti zilizofanyika huku, kwa sababu ndizo zinazoonyesha shahada ya lishe inaweza kuwa nini.

Ya kwanza ni ya viazi vitamu. Kuanzia karibu mwaka 2010, huku Bungoma na jirani zetu wa Busia, kulikuwa na mradi uitwao Mama SASHA. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kilishirikiana na shirika la PATH pamoja na washirika wengine. Wazo lao lilikuwa rahisi. Mama mjamzito akija kliniki, anafundishwa lishe, kisha anapewa vocha. Anaipeleka kwa mkulima wa karibu anayezalisha marando, anapewa marando ya viazi vitamu vya rangi ya machungwa, anakwenda kupanda. Mbegu zilikuwa Kabode na Vita, ambazo zilitoka kwa watafiti wa jirani zetu Uganda. Rangi ile ya machungwa ndiyo inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambayo inalinda macho na kumpa mtoto nguvu za kupigana na maradhi.

Unaona akili ya jambo hili? Kliniki imeunganishwa na shamba. Kwa kawaida muuguzi anamwambia mama, "Kula vyakula vyenye vitamini," na mama anaitikia ndiyo, anaondoka mikono mitupu. Hapa aliondoka na karatasi ya kumpatia chakula chenyewe.

Je, mradi ulifaulu? Hapo ndipo wanapoingia watu wa shahada za juu. Miongoni mwa washirika wa mradi huo kulikuwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, Marekani, chuo chenye programu ya uzamifu inayoitwa hasa hivyo, lishe na sayansi ya afya. Walifuatilia akina mama, wakapima walichokula, wakapima damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba akina mama waliohudumiwa na mradi walipata vitamini A zaidi kutoka kwenye chakula chao, na baada ya kujifungua walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na upungufu wake. Mwaka uliotangulia, 2016, wanasayansi waliotumia miaka yao kwenye viazi hivyo, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kiazi kitamu, msikilizaji! Chakula ambacho wengi wetu tulikionea aibu tulipopelekwa shule nacho.

Lakini ngoja. Kuna swali lililobaki mradi ulipofika mwisho. Marando hukauka kuanzia Desemba mpaka mvua ya Machi. Nani leo, miaka mingi baadaye, bado anayatunza pale kwenye unyevu karibu na bafu au mto? Nani aliyaacha, na kwa nini? Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, nimekupa moja bure. Nenda ukawatafute wale akina mama.

Kazi ya pili ni kubwa zaidi, na mimi naipenda kwa sababu majibu yake yaliwashangaza wenyewe. Iliitwa WASH Benefits. Kati ya mwaka 2012 na 2016, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, wanawake wajawazito zaidi ya 8,000 waliandikishwa, na vijiji vikagawanywa kwa kura. Vingine vilipata dawa ya kutibu maji. Vingine vilitengenezewa vyoo vizuri zaidi. Vingine vilipewa vifaa vya kunawia mikono na sabuni. Vingine vikapata yote matatu. Vingine vilipata lishe: ushauri wa kunyonyesha na kulisha mtoto, pamoja na vipakiti vidogo vya lishe yenye mafuta kwa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi 24. Kuna vilivyopata kila kitu, lishe na usafi pamoja. Na vingine havikupewa kitu, ili viwe vya kulinganishia.

Wewe ungebashiri nini? Mimi ningesema waliopata kila kitu watawaacha wenzao mbali. Matokeo yalipotoka mwaka 2018 yalisema hivi: maji, choo na sabuni havikuwaongezea watoto urefu. Hata kuhara hakukupungua huku kwetu, ingawa utafiti dada uliofanyika Bangladesh ulikuta kumepungua. Watoto waliopata lishe walirefuka kidogo zaidi ya wenzao. Kidogo, lakini kweli. Na waliopata lishe pamoja na usafi wote hawakuwapita kwa kiasi cha maana wale waliopata lishe peke yake.

Je, maana yake tuache kunawa mikono? La hasha! Maana yake ni kwamba kuweka dawa kwenye maji ya nyumba moja moja pengine hakutoshi mahali ambapo kuku, mbuzi na mtoto anayetambaa wanashirikiana ua mmoja. Maana yake pia ni kwamba chakula cha mtoto hakina mbadala. Lakini kwa mwanafunzi kuna jambo jingine hapo, nalo ni kuheshimu jibu usilolitaka. Watu waliotumia miaka na mamilioni wakitarajia ndiyo, wakapata hapana, wakaiandika hapana hiyo waziwazi. Ukitaka kusoma shahada hii ili uthibitishe unachokiamini tayari, afadhali pesa hizo ununue ng'ombe.

Nimesema tusome maswali ya huku kwetu. Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasikilizaji. Tasnifu nyingi mno zina kichwa kimoja: mambo yanayochangia utapiamlo katika kaunti fulani. Badilisha jina la kaunti, na tasnifu ni ileile. Umaskini, elimu ya mama, ukubwa wa familia. Jamani, hayo tunayajua! Hakuna aliyehitaji miaka miwili kugundua kwamba maskini anakula vibaya. Uliza kitu chembamba. Pesa za miwa zikichelewa kulipwa, nyumbani kinachopunguzwa kwanza ni kipi, sukari au maziwa? Mzee wa Kitale aliyeambiwa ana kisukari na akakatazwa ugali, anakula nini jioni hiyo, na nani anampikia? Mrenda, managu na saga zikipikwa kwa magadi, zikachemshwa mpaka zirojeke, zinabaki na nini? Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda kile cha JKUAT, amejijengea jina duniani kwa kuzitafiti mboga za kienyeji ambazo wataalamu wengine waliziita magugu. Alianza na kilichokuwa shambani.

Haya, tuseme swali umelipata. Kazi yenyewe ikoje? Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika kwamba lishe ni somo jepesi.

Kuna njia ya kumuuliza mtu kila kitu alichokula katika saa 24 zilizopita. Inaonekana rahisi. Fikiria mwanafunzi ameketi kwenye stuli chini ya mwembe huko Chwele, daftari magotini.

"Mama, tuanze jana tangu mtoto alipoamka. Alikula nini?"

"Daktari, alikunywa chai tu."

"Chai ya maziwa au strungi?"

"Ya maziwa. Kidogo."

"Na baada ya chai?"

"Hakula kitu mpaka ugali."

"Ugali na nini, mama?"

"Na sukuma."

Mwanafunzi anaandika: chai, ugali, sukumawiki. Anageuza ukurasa. Ndipo nyanya mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni bila kusema neno, anainua kichwa. "Na yale mapera aliyokula huko kwa shangazi yake? Si alirudi amejaza kaptura? Na ndizi je, ya jirani?"

Mapera, wasikilizaji. Pera lina vitamini C tele, na vitamini C inausaidia mwili kupokea yale madini ya chuma ya sukumawiki ambayo chai ilikuwa inayazuia. Mama hakudanganya. Kwake mapera si chakula, ni mchezo wa watoto. Mwanafunzi asiyejua kungoja angeondoka na jibu pungufu, akalipeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ingemtolea asilimia nzuri zenye nukta, zote za uongo. Kwa hiyo akina nyanya wasifukuzwe kwenye mahojiano. Mara nyingi wao ndio wanaojua mtoto alishinda wapi.

Kisha kuna sahani. Watoto wanne wanakula sahani moja. Huyu wa miaka miwili alipata matonge mangapi? Kisha kuna msimu. Ukija Novemba, watu wamevuna, utaandika kwamba Trans Nzoia inakula vizuri. Ukija Juni, mahindi yako shambani bado mabichi na ya ghalani yameisha, utaandika mengine kabisa. Nani mkweli? Wote wawili, ila ni lazima useme ulikuja lini. Kisha kuna kupima. Mtoto wa chini ya miaka miwili anapimwa urefu akiwa amelala kwenye ubao, mmoja ameshika kichwa, mwingine magoti na nyayo, naye analia kwa sauti yake yote. Sentimita moja ukikosea, mtoto mzima unamwandika amedumaa, au aliyedumaa unamwandika mzima. Utepe wa kuzungushia mkono wa juu nao una rangi zake: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo haachwi nyumbani ukaendelea na utafiti wako. Unamwandikia rufaa siku hiyohiyo. Narudia: siku hiyohiyo. Utafiti unangoja, mtoto hangoji.

Na damu? Ukitaka kupima upungufu wa damu au wa vitamini A, itabidi umtoe mtu damu, na hapo utakutana na hofu ya zamani. Hadithi za mumiani hazikuisha Afrika Mashariki. Usiwacheke watu. Eleza damu inakwenda maabara gani, itapimwa nini, masalio yatafanywa nini. Akikataa, mshukuru, uende nyumba nyingine. Ndiyo maana huruhusiwi kuanza kabla ya kamati ya maadili kupitia pendekezo lako na kabla ya kupata kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Wanafunzi hulalamika kwamba karatasi hizo zinachelewesha. Zinachelewesha kweli, na wakati mwingine bila sababu ya maana. Lakini kamati hizo zipo kwa ajili ya yule mama wa Chwele, hazipo kwa ajili yako.

Sasa yale maswali mawili ya mwanzo, nipite haraka. Chuo gani? Shahada za uzamili za lishe zinafundishwa Nairobi kwenye kampasi ya Kabete, Kenyatta, JKUAT, Egerton na Maseno, na si hapo tu. Usichague chuo kwa jina la lango. Chagua msimamizi. Soma alichoandika, uliza wanafunzi wake aliwarudishia rasimu baada ya muda gani. Msimamizi anayejibu barua pepe ana thamani kuliko jengo jipya. Na kabla ya yote, kama unataka kuitwa mtaalamu wa lishe na kufanya kazi hiyo Kenya, hakikisha umesajiliwa na KNDI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Shahada ya pili haiondoi sharti hilo.

Karo? HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haihudumii shahada ya kwanza pekee; uliza kuhusu mikopo na ufadhili wake wa masomo ya juu. Shirika la Ujerumani, DAAD, hufadhili Wakenya hata wanaosomea nyumbani. RUFORUM, muungano wa vyuo vya Afrika wenye makao Kampala, husaidia wanaotafiti kilimo na chakula. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Wote hao watakuuliza lile swali langu la kwanza: unataka kujua nini? Mwenye jibu la sentensi mbili anasikilizwa. Mwenye jibu la kurasa tano anashukuriwa kwa kuomba.

Na ninyi mnaofanya kazi huku mnasoma, najua mnavyosafiri. Ijumaa jioni matatu ya Eldoret au Kisumu, Jumapili usiku kurudi, Jumatatu saa mbili uko wodini. Msikubali kazi yenu ihesabike kuwa kikwazo. Muuguzi aliyekaa kliniki ya watoto Webuye miaka kumi ana maswali ambayo mwanafunzi aliyetoka darasa moja akaingia jingine hana. Andika maswali hayo kila jioni. Hiyo ndiyo tasnifu yako inaanza.

Nimalizie na jambo moja linalonikera. Watu wa nchi hii wamepimwa miili kwa miaka mingi. Mwaka 1931 huko London kilichapishwa kitabu cha utafiti uliolinganisha chakula na afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Mmoja wa waandishi wake, John Boyd Orr, baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kitabu kilisomwa London. Waliopimwa waliendelea kuchunga na kulima. Je, sisi leo tuna tofauti gani, ikiwa tasnifu inayohusu Kimilili inakaa kwenye rafu ya chuo na hakuna mtu wa Kimilili aliyewahi kuambiwa ilisema nini?

Kwa hiyo, mwanafunzi unayenisikiliza, ukishatetea tasnifu yako, kabla ya joho na picha, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Upeleke kwenye baraza la chifu, uusome kwa sauti, wakuulize maswali. Upeleke kwa wahamasishaji wa afya ya jamii waliokuongoza nyumba kwa nyumba wakati jua linawaka. Upeleke kwa afisa wa lishe wa kaunti au wa kaunti ndogo.

Na wewe mama, wewe baba, utakayebishiwa hodi: mkaribishe mgeni, lakini mwombe akuonyeshe kibali chake. Muulize matokeo yatarudi lini na yataletwa kwa nani. Na ukikubali mwanao apimwe, kabla mgeni hajakunja ubao wake, mletee kitabu cha kliniki, avijaze vile vipimo humo kwa kalamu, uzito na urefu na tarehe. Vipimo hivyo ni vya mtoto wako kabla ya kuwa vya chuo chochote.